Sentensi Aliyoikata Madam

Mjini Kitengela alijulikana zaidi kama yule mama asiyeshika simu. Ungempigia ukiwa umesimama nje ya mlango wake, usikie simu ikilia ndani, na kwa dirisha umwone ameketi palepale akiitazama mpaka inyamaze. Ukibisha, alifungua kwa furaha.

"Ingia, Ndinda. Kuna mtu amenisumbua na simu tangu saa hizo."

"Ni mimi, Madam."

"Sasa si umefika?"

Madam ndilo jina tulilomwita sote. Alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi katika shule moja ya sekondari ya Kajiado kabla ya kuingia kwa mambo ya kompyuta, na huku kwetu mwalimu wa kike akishaitwa Madam darasani, jina hilo humfuata mpaka sokoni. Mkurugenzi aliyemwajiri alimwita Madam. Muuza nyama wa chini ya ofisi yetu alimwita Madam. Mimi hakunifundisha hata siku moja, lakini sikuwahi kufikiria kumwita kitu kingine.

Nilimfahamu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipotoka Machakos kumfuata mume wangu ambaye alikuwa amepata kazi kwenye machimbo ya mawe. Nilikuwa na cheti cha uhazili, na Kiswahili nilichokipenda tangu shuleni. Kampuni ilikuwa vyumba viwili vya orofani kando ya barabara ya Namanga, na malori yakipita vikombe vilitetemeka mezani. Ilitengeneza programu za kuendesha grinhausi, zile nyumba za plastiki za mashamba ya maua yaliyokuwa yakifunguliwa upande wa Isinya. Niliajiriwa kupiga chapa na kupokea wageni. Siku moja Madam alisoma barua niliyoiandika kumjibu mteja aliyekasirika, akaisoma tena akiwa amesimama, kisha akabeba kiti changu na kukipeleka chumba cha ndani, karibu na meza yake.

"Huyu anajua kuandika," alimwambia mkurugenzi. "Wengine wako hapa wanajua kuongea na mashine tu."

Kazi iliyokuwa ikimla Madam wakati huo iliitwa Sikio. Haikuwa programu kamili ambayo mkulima angeifungua na kuitumia. Ilikuwa kipande cha kuwekwa ndani ya programu za watu wengine, kama vile injini inavyowekwa kwenye gari na fundi ambaye hakuitengeneza. Ndani ya grinhausi mambo hutokea: joto linapanda, tangi linakauka, saa ya kupuliza dawa inafika. Jambo likitokea, Sikio ilitangaza, na kila sehemu ya programu iliyokuwa imeomba kupata habari hiyo iliambiwa, moja baada ya nyingine. Hii inawasha feni, ile inaandika ripoti, nyingine inafungua pampu. Mafundi wa mashambani ndio waliopanga nani asikilize nini. Hawakuhitaji kujua ndani ya Sikio kuko namna gani. Walihitaji maneno machache ya kuiamrisha, na kitabu cha kuwaeleza maneno hayo yanafanya kazi gani. Maneno yalikuwa ya Madam. Kitabu tulikiandika pamoja, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili.

Sijaona mtu mwingine akisumbukia neno namna ile. Alianza na maneno mengi akayachuja mpaka yakabaki matatu: sikiliza, acha, tangaza. Hilo la tatu lilikuwa "ita" kwa muda mrefu. Alikuwa na ubao mweusi ukutani, wa darasani kabisa, na kila aliyepanda ngazi zetu, awe mleta maji au wakala wa bima, alisimamishwa mbele yake. Siku moja ilikuwa zamu ya pasta wa mkurugenzi, aliyekuja kusalimia tu.

"Pasta, ukiona neno hili, unadhani mashine itafanya nini?"

Pasta alilitazama. "Ita. Itaita mtu, halafu ingoje aitike."

Madam alilifuta mbele yake, pasta akadhani amekosea, akaanza kuomba msamaha. Alipoondoka Madam alinigeukia. "Umesikia? Ukiita unataka kuitikiwa. Sikio haitaki majibu. Inasema, basi." Tukakaa na shimo pale penye neno kwa siku kadhaa, mpaka "tangaza" likapatikana.

Programu zetu zilitazamwa pia na vijana wa Nairobi ambao mkurugenzi aliwakodi mara kwa mara, nao walicheka. Walisema hakuna mahali duniani programu inaamrishwa kwa Kiswahili. Mkurugenzi akataka maneno yabadilishwe. Madam hakupandisha sauti. "Mafundi wa haya mashamba wengine nimewafundisha mwenyewe," alisema. "Najua wanaelewa nini wakiwa wamechoka na jua limewapiga siku mzima." Mkurugenzi hakurudia.

Mmoja wa mafundi hao alikuwa Lemayian, aliyeendesha kompyuta za shamba kubwa karibu na Isinya. Madam alimfundisha Kajiado katika miaka ya tisini, na ni yeye aliyemtafutia kazi hiyo. Lemayian alikuwa mrefu, mpole, mtu wa kuvua kofia akiingia ofisini, na mbele ya Madam aliketi kwenye ncha ya kiti kama bado yuko kidato cha pili. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za darasani. Mwanafunzi akijibu swali kwa maelezo marefu, Madam alisema, "Punguza." Mwanafunzi anarudia kwa ufupi. "Punguza." Anafupisha tena. Hivyo hivyo mpaka kinabaki kitu kidogo kisichoweza kukatwa, na hicho ndicho kiliandikwa ubaoni.

Alinisimulia pia jinsi shule ilivyopewa kompyuta moja na kanisa la ng'ambo. Mwalimu mkuu aliiogopa, akaifungia stoo pamoja na majembe. Likizo ilipofika Madam aliomba ufunguo. Lemayian na wenzake, waliobaki shuleni kwa sababu kwao wazazi walikuwa wamehama na ng'ombe, walipita nje ya stoo wakamkuta ameketi juu ya gunia, kibodi magotini, anaongea peke yake. Aliwaona, akawaita. "Njooni muone kitu haisahau." Shule ilipofunguliwa alikuwa amejifundisha kuiandikia programu, na tangu hapo, alisema Lemayian, hesabu za kawaida alizifundisha kama mtu anayengoja kengele.

Kuhusu maneno yake matatu alikuwa na msimamo ambao sikumwona akiuvunja. "Huku nje ni ahadi," alisema, akigonga ubao. "Ndani nitabomoa nijenge vile nataka, hiyo ni nyumba yangu. Lakini nje nikishasema sikiliza, ni sikiliza mpaka nizikwe." Na mtu huyohuyo hakuweza kutimiza miadi ya chai. Aliahidi kuwa mama wa ubatizo wa binti yangu. Tukamngoja kanisani mpaka pasta akaanza kutazama saa, dada yangu akasimama badala yake. Kesho yake Madam alifika nyumbani kwetu amevaa vizuri, amebeba blanketi la mtoto, akanilaumu kwamba alipitia kanisani akalikuta limefungwa. Sikuweza kumkasirikia. Alimshika mtoto alasiri nzima, akimsomea vibao vya maduka kutoka dirishani.

Kalamu yake ilikuwa nyekundu, ya kusahihisha. Kila ukurasa niliouandika ulirudi kwangu umepungua. Mwanzoni iliniuma, halafu nikaanza kuona kwamba kilichobaki kilisimama imara. Kitabu chetu kilikuwa chembamba kiasi kwamba fundi angeweza kukikunja na kukitia mfuko wa nyuma, na wengi walifanya hivyo, wakamletea Madam nakala zilizochakaa kwa jasho ili wapewe mpya. Alizipokea kama mtu aliyeletewa maua.

Katika rasimu ya mwisho niliandika hivi, chini ya neno tangaza: "Wanaosikiliza wanaweza kuambiwa kwa mpangilio wowote. Usitegemee nani ataanza." Ukurasa uliporudi, sentensi zote mbili zilikuwa zimekatwa kwa mstari mmoja.

"Kwani si kweli, Madam?"

"Ni kweli. Lakini nani ameuliza?"

"Wataona aliyetangulia kuomba ndiye anaambiwa kwanza. Kila siku itakuwa hivyo. Si watazoea?"

"Wakizoea, sijawaahidi mimi." Alinitazama juu ya miwani, bila ukali. "Ukianza kumwandikia mtu vitu zote hujamwahidi, utamaliza karatasi za Kenya. Punguza, Ndinda."

Nikaichapa bila hizo sentensi. Kilikuwa kitabu kizuri. Mpaka leo nasema kilikuwa kitabu kizuri, na ndicho kinachonifanya nishindwe kujua la kufikiri.

Miaka michache baadaye mashamba yalikuwa yamekua, na kompyuta zao za zamani zilianza kulemewa. Madam alibomoa ndani ya Sikio akaijenga upya ili iwe nyepesi. Alikuwa na furaha siku hizo. Alikuja na maandazi, akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti yake mbaya. Maneno matatu ya nje hayakuguswa, kwa hiyo kitabu nacho hakikuguswa. "Hakuna mtu atajua nimepita hapo," alisema. Mafundi wakapewa Sikio mpya, wakaiweka, na kazi ikaendelea kwa kasi kuliko mwanzo.

Katika shamba la Lemayian saa ya dawa ilikuwa na wasikilizaji wawili. Wa kwanza alikuwa king'ora. Kililia, kikaendelea kulia kwa muda wa kutosha watu kutoka, na mpaka kinyamaze hakuna kilichoendelea. Wa pili alikuwa pampu ya dawa. Lemayian alikuwa amewapanga hivyo tangu mwanzo, na tangu mwanzo ilikuwa hivyo: king'ora, watu wanatoka, dawa. Wafanyakazi hawakutazama saa. Walikata maua mpaka wasikie king'ora.

Ndani ya Sikio mpya aliyeomba mwisho ndiye aliyeambiwa kwanza.

Ilikuwa alasiri, saa ya dawa ya kwanza tangu Sikio mpya iwekwe. Waliokuwa karibu na mlango waliona ukungu wa dawa ukishuka, wakakimbia, wakasimama nje wakihesabiana. Naserian alikuwa mwisho kabisa wa grinhausi, kwenye mistari ya ukutani. Alikuwa mama wa watoto wadogo, aliyekuwa ameanza kazi hapo baada ya mifugo yao kupungua. Waliomtoa wanasema king'ora kilianza kulia wakati walipokuwa wakimburuta. Hakufa. Alilala hospitali muda mrefu, na alipotoka kifua chake kilikuwa kikitoa sauti kama mlango, na macho yalikuwa yanaona mwanga tu, wa dirisha ama wa taa, bila kujua ni upi.

Kikao kiliitwa shambani. Tuliketi kwenye ofisi ya meneja: meneja mwenyewe, karani wake wa kuandika kumbukumbu, mkurugenzi wetu, Lemayian, Madam, na mimi niliyetumwa kubeba vitabu vya maelezo. Meneja alikifungua kimoja, akapekua kurasa chache zile mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Lemayian. Nionyeshe wapi imeandikwa king'ora itatangulia."

"Haijaandikwa, bwana."

"Sasa ulijuaje itatangulia?"

"Ilikuwa inatangulia. Kila siku."

"Kwa hivyo ulidhania tu."

Lemayian alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili. "Nilizoea, bwana."

Mkurugenzi wetu alikohoa. Alisema anasikitika sana kwa yule mama, lakini kampuni yake haikuwahi kuahidi mpangilio wowote, na kitabu kiko hapo, kila mtu anaweza kusoma. Niliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyepata kivuli.

Ndipo Madam aliposimama. Alisimama kama walimu wanavyosimama, vidole juu ya meza. "Hiyo sentensi ilikuwa," alisema. "Ndinda aliiandika, mimi nikaikata. Halafu mimi nikabadilisha mambo ya ndani na sikumwambia mtu. Huyu alifuata kile alikuwa anaona na macho yake. Si makosa yake. Ni yangu."

Karani alikuwa ameinua kalamu, anamtazama meneja. Meneja alimtazama mkurugenzi. Mkurugenzi alisema kwa sauti ya upole sana, "Madam hajalala tangu siku ile. Ana uchungu. Tuendelee." Meneja akatikisa kichwa kidogo kwa karani, karani akashusha kalamu bila kuandika, na wakaendelea na habari ya mlango wa dharura. Kosa la fundi lingeishia kwa fundi. Kosa la Madam lingefika kwa kampuni, kwa shamba, kwa wanunuzi wa maua. Hakuna aliyelitaka. Madam alibaki amesimama kwa muda, kama mtoto aliyetoa jibu na mwalimu akageukia dawati lingine. Kisha akaketi. Lemayian hakuinua macho hata mara moja.

Ripoti ilisema ni uzembe wa fundi. Lemayian akaachishwa kazi, akarudi kwao.

Madam alianza kwenda kwa Naserian, aliyekuwa akiishi na dada yake kwenye vyumba vya mabati nyuma ya mji. Mara ya kwanza aliniomba nimsindikize. Naserian alikuwa ameketi mlangoni, uso ameuelekeza juani.

"Takwenya, yeyo," Madam alisalimu kwa Kimaasai.

"Iko. Nani huyo?"

Madam alijieleza. Alieleza kila kitu, polepole, kama darasani: king'ora na pampu, nani aliambiwa kwanza, kitabu, sentensi niliyoiandika na jinsi alivyoikata. Alitumia maneno rahisi. Sikuwahi kumsikia akifundisha vizuri hivyo. Naserian alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo maneno ungeiacha kwa kitabu," aliuliza, "mimi ningesoma? Sijaenda shule."

"Fundi angesoma."

"Na angesoma kweli?"

Madam aliinamisha kichwa.

"Basi niache, mama," Naserian alisema. Hakusema kwa hasira. "Kila mtu anakuja hapa. Mwingine ananiambia ni makosa yake, mwingine ananiambia si makosa yake. Hakuna mwenye amekuja kuniambia nitaona."

Madam aliendelea kwenda Jumapili nyingi baada ya hapo, na sijui waliongea nini, kama waliongea. Dada yake Naserian aliniambia tulipokutana sokoni kwamba Madam alikuwa akija anakaa tu, anasaidia kuosha vyombo, anaondoka. "Mwambie asikuje sana," alisema. "Dada yangu akisikia hiyo sauti, usiku halali."

Sikumwambia. Alijua mwenyewe, nafikiri, maana siku moja aliacha.

Alichofanya badala yake ni kuandika. Kwanza aliijenga Sikio tena, mpangilio ukarudi ulivyokuwa, na hilo lilikuwa jambo la busara. Kisha akageukia kitabu, na hapo hakutoka tena. Neno "acha" pekee, ambalo awali lilikuwa na mistari michache, likawa na sura nzima. Kama anayesikiliza ataachishwa wakati anaendelea kuambiwa. Kama ataachishwa mara mbili. Kama stima itapotea kabla hajamaliza. Kama aliyempanga amehama shamba na aliyekuja baada yake hajui yuko. Kama fundi anasoma ukurasa huu akiwa mgonjwa, aahirishe. Kama watu wameanza kutegemea jambo ambalo halijaandikwa hapa, watuandikie, nasi tutaandika kwamba halijaandikwa. Nilichapa kurasa hizo zote. Kila moja ilikuwa ya kweli. Zilipowekwa pamoja hakuna binadamu ambaye angeweza kuzisoma, na mafundi waliopelekewa sura za kwanza walizirudisha kwa adabu, wakiuliza kama kile kitabu kidogo bado kipo.

Nilijaribu mara moja. Nilimwekea ukurasa mezani, nikamwambia kwa mzaha, "Punguza, Madam."

Alivua miwani. "Nilipunguza, Ndinda," alisema. "Wewe unajua nilipunguza." Akafunika uso kwa viganja. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi, nikatazama malori.

Mkurugenzi alimvumilia kuliko wengi wangemvumilia. Lakini mashamba yalitaka kazi, na Sikio mpya haikutolewa kwa sababu kitabu chake hakikuisha. Mitambo iliyo tayari ilianza kuletwa kutoka ng'ambo, na kila kitu ndani yake kimefungwa, fundi habadilishi chochote. Shamba moja likahamia huko, halafu jingine. Siku ambayo shamba la mwisho liliing'oa Sikio, mkurugenzi alituita, akatushukuru, akalia kidogo, na vyumba vikarudishwa kwa mwenye nyumba. Kwenye chumba cha ndani sasa kuna saluni. Madam alichukua karatasi zake kwenye katoni za sabuni akarudi Kajiado. Mimi nilipata kazi ya ofisi katika shule moja hapo Kitengela.

Miaka ilipita bila kumwona. Nilimpigia, bila shaka, na bila shaka hakushika.

Nilikutana naye mwaka wa ukame mkubwa. Nilikuwa nimekwenda Kajiado kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha binti yangu, na njia nzima kando ya barabara kulikuwa na mizoga ya ng'ombe, ngozi imekauka juu ya mbavu. Nilitoka ofisini nikiwa na kiu, nikaingia hoteli ndogo ya karibu na stendi. Alikuwa ameketi pembeni. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe zimekatwa fupi, amevaa sweta ya kiume. Alinitazama muda, kisha akasogea kwenye benchi ili niketi, kana kwamba tuliachana asubuhi.

Tukaagiza chai. Aliniuliza habari za mtoto, nikamwambia anaingia darasa la sita. Nilipomuuliza habari zake hakujibu hilo. Alisema, "Nilienda kwa Lemayian."

Alikuwa amesafiri mbali, ng'ambo ya Isinya, sehemu ya njia kwa lori la maji, sehemu kwa miguu. Lemayian alikuwa amebaki na ng'ombe wachache ambao hawakuweza kusimama bila kuinuliwa. Yeye na ndugu zake waliwainua kila asubuhi, mmoja mmoja, kwa kuwashika mkia na pembe.

"Alinipokea vizuri sana," Madam alisema. "Watoto wake wakaja wakainamisha vichwa niwaguse. Akaniita Madam. Wakanipa chai ya rangi, maziwa hakuna. Nikamwambia nimekuja kumwambia ni mimi. Unajua alisema nini? 'Madam, mimi nilijua.'"

"Alijua?"

"Jioni ile ile. Alirudisha Sikio ya zamani kwa kompyuta ya ofisi, akajaribu zote mbili. Akaona. Akajua kabla yangu." Alikuwa akizungusha kikombe bila kunywa. "Nikamuuliza, kwa nini hukusema? Akaniambia hawezi kusimamisha mwalimu wake mbele ya watu."

Nilisukuma kikombe changu kando.

"Sasa nikamwambia, lakini mimi nilisema. Kwa kile kikao. Nilisimama nikasema ni mimi, wewe ulikuwa umeketi hapo. Akaniangalia hivi. Akasema, 'Hapana, Madam. Hukusema kitu.'"

"Si kweli," nilisema.

"Ndivyo alisema. Si kwa ubaya. Akaniambia nisijisumbue, ni mambo ya zamani. Nikaomba wale wa shamba ripoti, meneja ni mwingine siku hizi, akanipatia nisome. Hakuna. Jina langu liko tu kwa waliohudhuria." Akaniinulia macho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona anaogopa jibu. "Wewe ulikuwa. Nilisema?"

"Ulisema, Madam. Ulisimama."

"Nilisema kwa mdomo, ama nilisema kwa roho?"

"Kwa mdomo. Mimi nilisikia."

Alinitazama jinsi mgonjwa anavyomtazama mtu anayemwambia amenenepa. Nikamsimulia. Nilimwambia nani aliketi wapi, Lemayian alivyoshika kofia, vidole vyake yeye juu ya meza, maneno yenyewe neno kwa neno kama ninavyoyakumbuka. Nilimwambia mkurugenzi alisema hajalala. Nilimwambia jinsi karani alivyoinua kalamu, akamtazama meneja, akaishusha.

Alisikiliza mpaka nilipomaliza. Kisha akatabasamu, tabasamu la kunihurumia, akanigusa mkono.

"Hapo kwa karani," alisema, "ndio naona umeanza kunitungia hadithi."

Akainuka, akajifunga leso kichwani kwa sababu ya vumbi, akaniambia nimsalimie mtoto, akatoka.